Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha pikapu za kitambo, Nakuru

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana, habarini. Najua wengi wenu mtaruka mpaka pale kwa pesa kwanza, kwa hivyo wacha tumalizane na hiyo mapema. Hatudaiwi na mtu. Mweka hazina ameandika kila kitu na ataleta risiti kwa mkutano, atawasomea mstari kwa mstari, na wale hawajalipa ada ya mwaka wanajijua, mimi sitaji mtu.

Sasa tuongee magari.

Mtakumbuka mwanzo wa mwaka katibu aliuliza kwa grupu swali moja tu, ukiambiwa uchague pikapu moja ya zamani ukae nayo mpaka uzeeke utachukua gani, na kuanzia hiyo siku hatukulala. Picha zilitumwa mpaka simu za watu zikajaa. Kukatokea kambi tatu, na kambi kubwa ni ya Hilux, hiyo hakuna mtu alishangaa. Toyota ilianza kuiunda 1968 na kila mkulima kutoka Subukia mpaka Kitale amewahi kupanda moja, kama si mbele basi nyuma kwa magunia. Yenye watu wanalilia sana ni ile ya 1988 mpaka 1997, dizeli ya zile injini zinaitwa 2L ama 3L, haina kompyuta, haina sensa ya kukusumbua, ikikataa kuwaka unajua ni mafuta haifiki ama ni hita plagi ama betri, basi. Mwenzetu wa Kericho ako na LN106, ile fobaifo yenye springi za mabamba mbele na nyuma na aksili nzima mbele, na akipita na hiyo kitu kwa matope ya majani chai wenye magari mapya wanageuza macho. Onyo langu ni moja tu, ukiuziwa yenye 2L-T, ile ya tabo, fungua kifuniko cha radieta uangalie maji kabla hujatoa hata shilingi, juu hizo hedi zikipata joto zinapasuka, na muuzaji hawezi kukuambia.

Kambi ya pili ni ya Peugeot 504, na ya tatu ni ya Datsun, wachache lakini wana kelele. Hizi kambi mbili zilibishana juu ya mbio za Safari Rally karibu mwezi mzima. Mzee wetu wa Njoro aliandika ati hakuna gari imewahi kuijua barabara ya Kenya kama Peugeot, akataja 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, halafu 504 ikachukua 1975 na Ove Andersson na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Watu wakanyamaza kidogo. Halafu dada yetu wa Kisumu, mwenye ile Datsun 1200 ya rangi ya krimu, akajibu pole pole ukiziongeza zote Peugeot ni sita, sasa hesabu Datsun, 1970, 1971, 1973, halafu Shekhar Mehta akachukua nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, hizo ni saba mzee wangu. Mzee hakujibu mpaka kesho yake, na alijibu na picha ya 504 ikiwa imebeba ng'ombe. Mtu wa Hilux akaingilia na mbio za Dakar za 2019, zenye Hilux ilishinda, akafukuzwa na pande zote mbili. Mimi kama mwenyekiti nasema tu kwamba hakuna hata moja kati ya hizo zilizoshinda Safari ilikuwa pikapu, kwa hivyo hiyo mjadala imefungwa, na mwenye kuifungua tena atanunua chai.

Lakini hiyo Datsun 1200 msiidharau. Injini ya A12 haifiki hata lita 1.2 na bado inapanda Mau Summit, polepole, lakini inapanda. Na watu hawajui kwamba Afrika Kusini waliendelea kuiunda kama Nissan 1400 mpaka 2008, ndio maana spea zingine bado unaweza kuagiza huko zikiwa mpya kwa boksi. Dada yetu alifanya hivyo na bushi na raba za mlango na gari imenyamaza kabisa, huskii hata mlio.

Kuhusu gari za ndoto, hapa vijana ndio walitawala. Ford F-100, Chevrolet C10, hizo bonati ndefu za Marekani zenye injini ya silinda nane. Ni nzuri, sikatai, hata mimi nimeangalia hizo picha usiku mama watoto akiwa amelala. Lakini tuambiane ukweli, sheria yetu haikubali gari iliyotumika yenye imepita miaka minane iingie nchini, na stelingi ya kushoto pia inakataliwa isipokuwa gari za kazi maalum, sasa C10 ya 1972 utaipitisha wapi? Kwa bandari ya Mombasa itakuwa maonyesho. Ndoto yenye naweza kuwaunga mkono ni Land Cruiser ya 70, pikapu, ile yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli ya kunyonya hewa tu bila tabo. Hiyo injini ilitoka 1990 na polisi na wale wa misaada wameitumia huko kaskazini mpaka ikajulikana kila mahali. Bei ndio inaumiza. Hata iliyochoka mwenye nayo anakuambia bei huku anaangalia pembeni.

Na hapa ndio nataka mnisikilize vizuri, juu hii ndio kazi kubwa ya chama mwaka huu na nadhani ndio inafaa kuwa kazi yetu mwaka ujao pia. Kama gari ya zamani haiwezi kuingia kutoka nje, basi zile ziko hapa ndio hizo tu, hakuna zingine zinakuja. Na ziko. Ziko Mau Narok, Molo, Dundori, Londiani, nyuma ya maboma, chini ya sipresi. Kila mwezi zinapungua na si juu ya kutu, ni juu ya watu wa chuma chakavu, wanakuja na mzani na lori ya Canter wanalipa kwa kilo. Ile marufuku ya biashara ya skrepu ya Januari 2022 ilipoondolewa kabla mwaka ufike katikati, walirudi na nguvu mpya. Gari yenye ilipeleka watoto wa mtu shule inaenda kwa kilo.

Mnajua ile 504 tuliitoa Mau Narok. Mwenyewe alishafariki, mama alikuwa ameiweka tu hapo kando ya zizi, vijana wake walikuwa wameshaongea na watu wa skrepu na bei ilikuwa imekubaliwa. Tulienda watu wachache, tukakaa chini na mama, tukanywa chai, hatukuongea gari mpaka yeye mwenyewe aliitaja. Akasema mzee alikuwa anapeleka maziwa kwa kiwanda cha KCC na hiyo gari na alikuwa hataki mtu mwingine aguse gia, ile gia ya kwa stelingi. Tulikubaliana bei na vijana wake mbele yake, tukiongeza kidogo juu ya bei ya skrepu, na sharti lake likawa akija tauni apelekwe sokoni na hiyo gari. Hilo sharti liko kwa makubaliano tuliyotia sahihi, si mzaha.

Injini ilikuwa imeshika kabisa. Fundi wetu wa Industrial Area alijaza silinda mafuta kupitia kwa matundu ya plagi akaziacha zikae, akawa anakuja kila jioni anajaribu kuzungusha na spana ndefu kwa puli, haisongi, kesho tena haisongi, mpaka jioni moja ikatoa sauti kama mlango wa stoo na ikazunguka robo. Tulipiga kelele mpaka wauza mahindi wakaja kuona. Uzuri wa hiyo injini ya petroli ya 1.8 ni kwamba slivu zake, zile kuta za silinda pistoni inapanda na kushuka ndani yake, zinachomoka, maji yanazunguka hapo nje yake, kwa hivyo haukuhitaji kupeleka bloku kutobolewa upya, unatoa slivu na pistoni unaweka seti nyingine. Lakini slivu lazima isimame juu ya bloku kidogo sana, unene wa karatasi, ikizama hedi gasketi haishiki na maji yanaingia kwa oili. Fundi alipima kila moja na dayo geji, akatoa, akabadilisha sili za chini, akarudisha, akapima tena. Kijana mmoja akamwambia mzee si ufunge tu tuende nyumbani, mzee hakumjibu hata.

Hedi gasketi ya kwanza ilikuwa feki, ilinunuliwa duka moja hapa tauni na sitalitaja, ilivuja kabla gari ifike Njoro. Ya pili tulipata kutoka gari iliyobomolewa, ilikuwa mpya bado kwa karatasi yake, mwenyewe alikuwa ameinunua akakosa pesa ya fundi.

Lakini chuma kilikuwa rahisi kuliko karatasi. Logbuku ilikuwa ya marehemu, na namba ni ya zamani, ya kabla ya hizi zilianza na KAA. Bila barua za urithi kutoka kortini hakuna mtu huko NTSA, wale wa kusajili magari, anaweza kubadilisha jina, na familia ilikuwa haijawahi kuanza hiyo kesi. Tukaanza na barua ya chifu, tukaenda kortini Nakuru, tukangoja. Hapo ndio miezi yetu ilienda, si kwa injini. Kwa hivyo ombi langu kwa kila mwanachama, ukiona pikapu imelala mahali usiulize injini kwanza, uliza logbuku iko wapi na iko kwa jina la nani. Na wazee wetu, nawaomba kwa heshima, zile ziko kwa majina ya watu mlinunua kwao miaka ya themanini na hamkuwahi kuhamisha, tafuteni hao watu wakiwa bado hai.

Safari ya Kisumu ilienda vizuri, tulishuka Kericho mpaka Ahero bila shida na samaki wa Dunga mnawajua. Wakati wa kurudi Hilux moja ilichemka Awasi ikapozwa. Kitu kimoja tu, kuna mtu alishuka Salgaa na breki za kukanyaga mara mbili ndio zishike. Mwaka ujao kabla ya safari kila gari itapitia kwa fundi, ikikataliwa utapanda ya mwenzako nyuma na hakuna kununa.

Kamati inapendekeza tuwe na mfuko kando wa kuokoa magari, usichanganywe na pesa ya safari, na hiyo mtaipigia kura. Kuna tetesi za 404 pikapu huko upande wa Elburgon, katibu ataenda na wazee wawili kuongea na mwenyewe, naomba mtu asikimbie huko usiku na pesa zake.

Viti vyote viko wazi kwa uchaguzi, hata hiki changu. Fomu ziko kwa katibu na ada ya mwaka lazima iwe imelipwa.