Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tupeni saa moja ya kusikiliza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa Muleba, mkoani Kagera, mkoa ambao katika muda usiotimia miaka miwili uliingiliwa mara mbili na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua: kwanza Machi 2023 katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, kisha Januari 2025 wilayani Biharamulo. Barua hii haihusu dawa wala vitanda, ingawa nayo yana umuhimu wake. Inahusu namna habari za ugonjwa zinavyotufikia, kwa sababu katika milipuko yote miwili niliona kwamba hofu ya watu wa huku haikupanda na kushuka kwa kufuata idadi ya wagonjwa. Ilipanda pale taarifa zilipokatika, na ikashuka pale ziliporudi.

Mwaka 2023, tarehe 16 Machi, Mganga Mkuu wa Serikali alitangaza kwamba kuna ugonjwa ambao haujafahamika, kwamba watu saba wameugua na watano kati yao wamefariki, na kwamba wataalamu wamekwisha kutumwa na sampuli zinapimwa. Tarehe 21 Machi, Waziri wa wakati ule, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa maabara imethibitisha ni Marburg. Siku zile tano zilikuwa nzito, wala sitasema kuwa tulilala usingizi mzuri, lakini zilibebeka, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba jibu bado linatafutwa na nani anayelitafuta. Mtu akijua kwamba daktari naye anasubiri majibu, husubiri pamoja naye. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa wakiwa wamefikia tisa, wakiwemo wahudumu wa afya, na waliofariki wakiwa sita.

Januari 2025 mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba limepata taarifa za wahisiwa tisa wa Marburg, yaani watu wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, mkoani Kagera, wanane wakiwa wamefariki. Muda mfupi baadaye Wizara ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba sampuli moja imethibitishwa kuwa na Marburg. Simtuhumu mtu kwa uongo. Sampuli inaweza kuonyesha hakuna leo na nyingine ikaonyesha ipo kesho, na huo ndio utaratibu wa maabara. Lakini jambo hilo, yaani kwamba majibu ya leo si majibu ya mwisho, halikutufikia kwa maneno ambayo mwananchi wa kawaida angeyashika. Tulisikia kwamba hakuna, kisha tukasikia kwamba upo, na katikati hapo watu wakabaki na ile methali yao ya siku zote: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Naomba nikueleze siku zile sita zilivyokuwa katika kijiji kimoja tu, kwa kuwa najua taarifa za namna hii hazifiki Dodoma. Sauti iliyorekodiwa, isiyo na jina la msemaji, ilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ikidai kwamba magulio yote yatafungwa na kwamba mgonjwa akipelekwa hospitali haruhusiwi kurudi akiwa hai. Siku iliyofuata jirani yangu, mama wa watoto wanne, alipandwa na homa. Alikaa ndani siku tatu akimeza vidonge vya maumivu na kunywa maji ya mwarobaini, akikataa katakata kwenda zahanati, kwa kuamini kwamba akipimwa joto tu basi hatawaona watoto wake tena. Siku ya nne alikuwa haamki. Tulimbeba, akapimwa, ikawa malaria, akatibiwa akapona. Mheshimiwa, Marburg haikufika kijijini kwetu hata siku moja, lakini ilikaribia kumuua mama huyu kwa njia ya malaria.

Mimi mwenyewe sikuwa na nafuu kuliko yeye. Mkwe wangu ni dereva wa lori, na njia yake ni ile inayopita Lusahunga, huko Biharamulo, kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Kila usiku niliiweka simu chini ya mto, nikiamka saa nane, saa tisa, kusoma ujumbe ambao sikuujua umetoka wapi, na kila nilichosoma kilinifanya nitafute kingine. Ilifika mahali nikawa nasikia kichwa kinauma, koo linakauka, nikajipima joto mara tatu kwa siku. Binti yangu ni muuguzi, na ndiye aliyenitoa huko. Aliniambia niiache simu sebuleni usiku, nisikilize taarifa ya habari ya redio saa mbili usiku na nyingine asubuhi, basi, na katikati ya hapo nishike jembe. Halafu akanikalisha akanieleza kwamba virusi hivi haviletwi na upepo, kwamba mtu huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, ama nguo na matandiko yaliyochafuliwa nayo, na kwamba tangu mtu aguswe na ugonjwa hadi dalili zitokee hupita kati ya siku 2 na siku 21. Asiyeugua ndani ya siku hizo ameshavuka.

Hesabu hiyo ya siku 21 ndiyo iliyonituliza kuliko kitu kingine chochote, na nilipoipeleka kwa majirani nao ikawatuliza, kwa sababu kila mama wa kijijini anaijua tayari: ni siku ambazo kuku huatamia mayai. Niliwaambia kwamba wanaofuatiliwa, yaani waliokuwa karibu na mgonjwa, wanahesabiwa kama kuku aliye juu ya mayai, na kwamba Serikali ili itangaze ugonjwa umekwisha husubiri siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho, yaani matamio mawili kamili. Wazee waliokuwa wakibisha kila kitu walitikisa vichwa wakakubali. Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30 na sikumbuki somo lililoeleweka haraka namna hiyo. Sioni sababu ya maelezo mepesi kama hayo kutufikia kwa bahati ya mtu kuwa na binti muuguzi.

Mkoa huu una sababu zake za kuogopa ukimya, Mheshimiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, wakati mimi ni mwalimu kijana. Kabla ya maelezo kutufikia watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, na wengine wakasema ni uchawi wa kulipiza madeni ya magendo. Tulizika watu wengi tukiwa bado tunatafuta aliyewaroga. Na juzi tu, wakati wa UVIKO, takwimu za nchi nzima zilisimama mwaka 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo kwa muda mrefu huku misiba ikiendelea mitaani. Mtu aliyepitia hayo mawili hawezi kuambiwa "msiwe na hofu" akatulia. Neno hilo peke yake kwetu limekuwa dalili ya kwamba kuna jambo.

Majirani zetu wa Rwanda walipata Marburg ileile tarehe 27 Septemba 2024. Wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya, jambo ambalo nchi ingeweza kuliona kuwa la aibu na kulificha. Badala yake Wizara yao ilitoa idadi mara kwa mara, kwa siku nyingi kila siku: wapya, waliopona, waliofariki, walio wodini. Waziri wao, Dkt. Sabin Nsanzimana, alijitokeza mwenyewe kujibu maswali. Mwisho wake walihesabu wagonjwa 66 na vifo 15, kiwango cha chini mno kwa ugonjwa huu ambao kwa kawaida huua karibu nusu ya wanaoupata. Sisi Biharamulo, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, tulihesabu wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walifariki. Najua huduma ya Kigali si huduma ya kijijini, na kwamba wanane kati ya hao wetu walifariki kabla ya mlipuko kujulikana. Lakini ndiyo hoja yenyewe: ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, na kinachookoa ni mgonjwa kufika mapema akapewa maji na uangalizi. Afikaye mapema ni yule ambaye hakuogopa kuja, na asiyeogopa ni yule aliyekwisha kusikia kwamba wapo waliokwenda wakarudi nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili. Pindi patakapotokea tetesi ya ugonjwa wa mlipuko, hata kabla maabara haijajibu, Wizara itutengee saa moja inayojulikana, isiyobadilika, ya kutupa taarifa kila siku kupitia TBC Taifa na redio za huku, ikiwemo Redio Kwizera ya Ngara ambayo wakulima huisikiliza shambani. Taarifa hiyo itoke hata siku ambayo hakuna jipya, na iseme hivyo: leo hakuna jipya, sampuli kadhaa ziko maabara, tutarudi kesho saa hiihii. Isiishie kwenye wagonjwa na vifo. Itaje pia waliopona, na itaje waliokuwa wakifuatiliwa wakamaliza siku zao salama. Katika mlipuko wa Biharamulo watu 281 walifuatiliwa. Siku walipomaliza siku 21 ilipaswa kuwa habari kubwa kama siku ugonjwa ulipotangazwa. Kijijini kwetu hakuna aliyeisikia.

Naomba vilevile lugha iangaliwe. Wako wanaotangaza kuhusu "washukiwa" wa Marburg, na mshukiwa kwetu ni mtu aliyeitwa polisi. Neno "mhisiwa" ambalo Wizara hulitumia ni la haki zaidi, na lingefaa kusisitizwa kwa vyombo vya habari, kwa kuwa mama anayekataa kupimwa anakataa pia kuitwa mshukiwa mbele ya wanawe. Na maelezo muhimu yatafsiriwe kwa Kihaya, Kisubi, Kihangaza na Kisukuma. Wazee wetu wanakielewa Kiswahili cha sokoni, lakini habari ya kifo huielewa kwa lugha yao.

Liko jambo la mazishi, ambalo nakiri ni gumu kuliko yote. Kwetu marehemu huoshwa na watu wake, na wageni wa msiba hukaa siku kadhaa, wakipeana mikono na kutafuna kahawa kutoka kwenye chombo kimoja. Tumeelezwa kwamba mwili wa aliyekufa kwa Marburg unaambukiza sana, na tumekubali. Lakini timu ya mazishi ikifika na mavazi yake meupe bila maelezo, ikachukua mwili na kuondoka, familia inabaki na maswali ambayo jibu lake hutafutwa kwa mganga. Mtu mmoja wa timu hiyo abaki nyuma nusu saa, azungumze na familia, awaruhusu kusimama mbali na kushuhudia, na padri, mchungaji au shehe aombe akiwa amesimama palepale. Nusu saa hiyo haina gharama, nami naamini itapunguza miili inayozikwa usiku kwa siri.

Namba 199, ya simu ya Wizara ya Afya, ni ya bure na watu wengi wanaijua. Naomba tu anayepokea afundishwe pia kumsikiliza mtu asiyeumwa ila hana usingizi kwa wasiwasi, na asimkatie kwa kumwambia apige atakapokuwa na dalili. Wahudumu wa afya wenyewe wamo katika kundi hilo. Wakati ule binti yangu alirudi nyumbani jioni moja, akavua viatu nje, akaoga, kisha akakataa kumpakata mwanawe kwa wiki mbili ingawa hakuwa amemhudumia mgonjwa yeyote wa Marburg. Kazini kwake hakuna aliyemuuliza anaendeleaje.

Kagera ina mapango yenye popo wa matunda, na ndio wanaobeba virusi hivi. Imepakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na malori hayasimami. Ugonjwa unaweza kurudi. Vijiji vyetu vina walimu wastaafu wengi wenye sauti, muda na heshima mbele ya watu. Wizara ikituma taarifa ya siku kwa watendaji wa vijiji kabla ya jua kuzama, sisi tutaisoma kwa Kihaya kwenye mikutano ya vitongoji na kwenye misiba, neno kwa neno, bila kuongeza. Kwa kitongoji changu nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti, na amekubali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Wilaya ya Muleba, Kagera.