Mnasema tunawapiga kwenye zege la stampu, haya tuhesabu wote

Sisi ni mafundi wa zege la stampu, lile la rangi linalogongwa kwa vipira vyenye maua likiwa bado bichi ili lifanane na mawe, na kuna meseji inajirudia mpaka tumeikariri: "Bosi zege ni zege tu, saruji mchanga kokoto, sasa unanitajia bei mara mbili ya fundi wangu kwa sababu ya vile vipira vya kugongea?" Wiki hii imekuja tena, safari hii kwa mtu ambaye tulimkadiria kazi mwaka jana, akaona tunamlangua, akaenda kwingine, kazi ikaharibika na sasa anasema wapiga stampu wote ni matapeli. Tumeamua kuandika, atakayeuliza tena tunamtumia linki tu.

Chukua eneo la mbele la nyumba ya kawaida hapa Dar, mita 10 kwa 6, yani skwea mita 60. Kama gari linapanda, sisi unene hatushuki chini ya inchi 4. Hapo tayari una kyubiki mita 6 za zege, na kwa ratio ya 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unakula karibu mifuko 40 ya saruji kabla hujagusa rangi, na bado chini kuna kifusi cha kushindilia kwa mashine, nailoni na wavu wa chuma wa BRC. Yule aliyekupa nusu bei muulize anamwaga inchi ngapi. Ukimbana atakwambia mbili, na wavu hajauweka kwenye hesabu.

Sasa rangi. Ukichanganya ndani ya zege kwa asilimia 5 ya uzito wa saruji, hizo ni kilo mbili na nusu kwa kila mfuko wa kilo 50, zidisha kwa 40 unapata kilo 100 za oksaidi, yani unga wa rangi. Ukiweka kidogo unapata rangi ya chai ya maziwa, ukizidisha asilimia 10 unadhoofisha zege na rangi wala haiongezeki. Njia nyingine, ambayo ndo tunaipenda sisi, ni hadina, unga wa saruji na mchanga mgumu na rangi unaorushwa juu zege likiwa bado bichi, kilo 3 hivi kwa skwea mita, mkono wa kwanza theluthi mbili, unapigwa mwiko, mkono wa pili unafuata. Kwa eneo letu hilo ni kilo 180. Inagharimu ndiyo, ila inaufanya uso uwe mgumu, matairi hayaumi kirahisi.

Halafu kuna watu. Zege la stampu halisubiri mtu aende kunywa chai. Mkuu wetu wa kazi anapita anabonyeza kidole, kikizama kama nusu sentimita na kutoka kisafi bila udongo udongo, ndo anapiga kelele vipira vishuke. Hapo unamwagwa unga wa kuzuia kunata, kipira cha kwanza kinalazwa kwa kufuata uzi, cha pili kinabana kwenye meno ya cha kwanza, mtu anasimama juu, mwingine anagonga, mwingine yuko kwenye kona na kile kipira laini cha pembeni kwa sababu kipira kikubwa hakiingii ukutani. Mapema sana kinazama na kurarua, ukichelewa unagonga mwamba. Kwa jua la Januari la Dar huo muda ni mfupi mno, ndo maana tunaanza kumwaga saa 12 asubuhi na kikosi kizima, siyo fundi mmoja na vibarua wawili. Hiyo ndo sehemu ya bei ambayo watu hawaioni kwa sababu wakitoka kazini jioni wanakuta kimya, tumeshafagia.

Tukija kwenye njia ya mkato inayopendwa kuliko zote: "Sakafu yangu ipo na ni nzima, nipigieni tu rangi na stampu kwa juu." Mama mmoja Mbezi tulimkatalia, fundi maiko akamkubalia. Akakoroga saruji na oksaidi nyekundu ya dukani, akaitandaza kama niru nene (ile saruji ya kulainishia sakafu) juu ya jamvi, yani zege la sakafu, la zamani lisilokwaruzwa hata kidogo, akagonga stampu za kukodi. Picha zilikuwa kali, sitanii, hata sisi tulizipenda. Masika yalipoisha, njia ya matairi yote ilikuwa imebenuka, ukigonga na sarafu inalia kama debe tupu, na kwenye kona unaingiza mwiko chini yake unanyanyua kipande kizima na maua yake. Alilipa stampu ya kwanza, akalipa kuvunja na kubeba kifusi, halafu akalipa zege jipya. Zipo tabaka nyembamba za kisasa zenye gundi ndani yake ambazo zinashika juu ya sakafu ya zamani, lakini sakafu lazima isagwe kwa mashine kwanza na material yake si ya kuchota kwenye kiroba cha dukani.

Na msituletee mfano wa niru nyekundu ya kwa bibi, kila mteja ana bibi mwenye niru. Ile ilikuwa ndani, haijui jua wala tairi, na ilikuwa inasuguliwa kwa nta na wajukuu.

Kuna ugomvi wa kukata joint, ile mikato ya mashine kwenye zege. Kesho yake tukiwasha mashine wateja wanatoka mbio, "mnaharibu dizaini!" Zege likikauka linajivuta, litapasuka tu, sisi tunachochagua ni lipasukie wapi. Tunakata kina cha robo ya unene, kila mita mbili na nusu hadi tatu, na tunafuata mstari wa stampu ili mkato usionekane sana. Mzee mmoja Tegeta alizima swichi kabisa akasimama mbele ya mashine. Tukamwandikisha karatasi, tukaondoka. Ufa wake unaanzia getini unapita katikati ya yale "mawe" mshazari mpaka kwenye ngazi, na karatasi tunayo.

"Rangi imepauka" nayo. Kabla hujatupigia, mwaga ndoo ya maji. Rangi ikirudi kama ilivyokuwa, oksaidi ipo palepale, kilichoisha ni sila, ile dawa ya kulinda inayopakwa juu, ambayo tulikwambia inarudiwa kila miaka miwili mitatu. Ukiona ukungu mweupe, hiyo ni chokaa ya saruji iliyopandishwa na maji, au umemwagilia na maji ya kisima yenye chumvi, hii tunaiona sana Kigamboni. Na tafadhali usifunike zege la rangi kwa nailoni ukidhani unalitunza, linatoka mabaka.

Rangi inayopauka kweli ni bluu ya bei rahisi. Mnazi mmoja wa Yanga alitaka kijani na njano getini, njano haina shida, kijani cha kudumu kwenye jua tulipomtajia bei alinyamaza. Watu wa Simba mna bahati, nyekundu ni oksaidi ya bei rahisi.

Sasa je, inafaa? Kwa baraza, njia ya kuingilia, parking ya nyumba iliyokwisha kabisa, ndiyo, na hayaoti majani katikati kama kwenye pevingi, yale matofali ya kupanga. Lakini kama chemba ya choo bado hujahamisha, au bomba la maji litapita hapo mwakani, weka pevingi, kweli kabisa tunakwambia tunaojipotezea kazi. Pevingi unang'oa, unachimba, unarudishia. Stampu ukiikata kiraka chake kitaonekana milele hata ukitumia mfuko uleule wa rangi. Na kama uko Kibaha kwenye ule udongo unaovimba masika na kupasuka kiangazi, bila kuchimba na kuleta kifusi kingine hatugusi, tumeshaacha kubishana na mtu hapo.

Ukitaka makadirio tuma urefu, upana, picha ya eneo likiwa limelowa mvua na alama ya chaki bomba na chemba zinapopita. Kazi za nje hatuchukui Aprili. Na sampuli tunakuletea kipande cha zege chenyewe, siyo picha ya Pinterest, kiweke juani wiki nzima ukitaka.