Matubwitubwi ya Bukavu nayo yapimwe

Bwana Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba matubwitubwi ni ugonjwa wa watoto tu: mashavu yanavimba, siku zinapita, mtoto anarudi shuleni, na kuupeleka maabara ni kutupa pesa. Kwa sehemu kubwa simpingi. Dawa ya kuuponya haipo, na muuguzi mzoefu anautambua kwa macho. Ila hapo kwenye "watoto tu" tunaachana. Kijana aliyekwisha kubalehe na hana kinga anaweza kuvimba korodani, na wanaopatwa na hilo hufika hadi watatu kati ya kumi.

Kwa upande wa kinga, kirusi hiki ni kimoja. Aliyeugua kwa kawaida harudiwi. Kwa upande wa vinasaba kina koo nyingi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipanga upya majina yake: jenotipu (yaani koo za kinasaba) 12, kuanzia A hadi N, bila E wala M, kwa kuwa E ilionekana ni C ileile na M ni K. Ukoo unatambuliwa hasa kwa kusoma jeni fupi iitwayo SH, herufi za kinasaba 316 kati ya 15,384 za kirusi kizima. G imetawala Ulaya na Marekani, F imeonekana sana China. Kutoka Afrika yetu vilivyosomwa ni vichache mno.

Faida ya kuzisoma koo hizi ni nini? Mwaka 2006 Marekani ilipata wagonjwa zaidi ya 6,500, wengi wao vijana wa vyuo waliokwisha chanjwa mara mbili. Chanjo yao, Jeryl Lynn, ni ya jenotipu A. Mtafiti wa chanjo Maurice Hilleman alikitoa kirusi chake kooni mwa binti yake mwaka 1963. Wagonjwa walikuwa na G. Watu wakabishana: kinga ya chanjo imefifia kwa miaka, au A na G zimeachana mno? Ushahidi unaelekea zaidi kwenye kufifia kwa kinga. Lakini walibishana wakiwa na vinasaba mezani. Sisi tungeshika nini mkononi?

Chanjo ya kawaida ya watoto wetu hapa Kongo ina surua, haina matubwitubwi. Simlaumu mtu. Ushauri wa Shirika ni kutanguliza surua na rubela, na kuongeza matubwitubwi pale ambapo chanjo ya kawaida inawafikia zaidi ya asilimia 80 ya watoto, na nchi yetu haijafika huko. Basi kirusi kinatembea kitakavyo, kutoka soko la Kadutu hadi mpaka wa Ruzizi, na kwenye boti za Goma. Siku chanjo itakapoingia, mtu atauliza ni koo zipi zilikuwepo kabla yake, na ni sampuli za leo tu zitakazoweza kumjibu.

Tusiambiwe kwamba kusoma vinasaba ni kazi ya Wazungu. Mpox ya aina Ib tuliijua kwa sababu sampuli za Kamituga zilisomwa, na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina maabara Goma. Siombi kila mtoto apimwe. Watoto wachache kila ugonjwa unapozuka wanatosha: unasugua polepole tezi iliyo mbele ya sikio kwa nusu dakika, unapitisha swabu ndani ya shavu, karibu na magego ya juu, ndani ya siku tatu tangu uvimbe uanze. Hapo hakuna ufundi mkubwa. Ugumu ni kuitunza sampuli kwenye ubaridi, na umeme wetu tunaujua.

Kwa hiyo naiomba Divisheni ya Afya ya Mkoa ianze na zoni tatu za afya za mjini, Ibanda, Kadutu na Bagira, na wakuu wa shule wakiona mashavu mawili matatu yamevimba darasa moja, waite kituo cha afya siku hiyohiyo kabla hawajawarudisha watoto nyumbani.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu