Nguo za Zara nazo zinashonwa na watu

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya duka jipya la mavazi lililofunguliwa mjini kati ililetwa kwangu na mteja, kama ushahidi. Alikuja kuchukua libaya lake la kikwembe, yaani blauzi ya kitenge, akasikia bei, akafungua gazeti lenu na kuweka kidole juu ya picha: blauzi ya Zara, kampuni ya nguo ya Hispania, rahisi kuliko kazi yangu. Chini ya picha mwandishi wenu alieleza kwamba bei iko chini kwa sababu huko Bulaya nguo zinashonwa na mashine, na fundi wa Lubumbashi mwenye cherehani ya kukanyaga atalia tu. Mteja alilipa pungufu, akaondoka na libaya. Gazeti akaniachia.

Nimelisoma, na nina la kujibu. Nashona katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si mbali na soko. Siku hizi zaidi ya nusu ya kazi yangu ni kurekebisha nguo zilizoshonwa na wengine: suruali ya kukata chini, koti la kubana kiunoni, gauni la kuongezea mikono ili livaliwe kanisani. Nyingi zimetoka katika balo za mitumba zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nyingine huletwa kwa masanduku na akina mama wafanyabiashara wanaosafiri Dubai, Johannesburg na Istanbul. Zara zimo, H&M zimo, Primark zimo. Nazijua kwa ndani, upande ambao mwenye duka hauonyeshi. Pindo la ndani limeachwa jembamba, mteja akinenepa hakuna pa kuachia. Kitambaa cha ndani ni chepesi. Lakini fumua kwapa la koti, mahali panapomtesa kila fundi, utaona mshono umefika kwenye kona, ukasita, sindano ikarudishwa nyuma, ukaendelea. Aliyesita pale ni mtu.

Fundi yeyote angemweleza kijana wenu jambo hili kabla hajaandika. Mashine inakata kitambaa, inatoboa tundu la kifungo, inafuma sweta. Lakini kitambaa ni kitu kilegevu, kinateleza na kuvutika, na kuunganisha mkono wa shati na bega mpaka leo kunataka vidole vinavyokivuta na kukilegeza palepale chini ya sindano. Zara wenyewe wanafanya hivyo. Karibu na makao yao makuu huko Arteixo, kaskazini-magharibi ya Hispania, vitambaa hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, kisha vipande hupelekwa katika karakana za Galicia na za Ureno kwenda kushonwa na watu. Nguo nyingine zinashonwa Moroko, Uturuki, Bangladesh. Cherehani zao zinakwenda kwa umeme, sikatai, na wala si umeme kama huu wetu unaokuja usiku wa manane watu wamelala. Bado mbele ya kila moja ameketi mtu.

Mwenye kampuni analijua hilo kuliko mimi. Amancio Ortega ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeacha shule akiwa kijana mdogo akaingia kazini katika duka la mashati mjini A Coruña. Rosalía Mera, mke wake wa kwanza aliyeanzisha naye biashara, alikuwa mshonaji tangu utotoni. Walianza na kanzu za nyumbani, zile za kuvaa asubuhi juu ya nguo ya kulalia, na duka la kwanza la Zara likafunguliwa mwaka 1975. Kampuni yao, Inditex, mwaka 2023 ilipata faida iliyozidi yuro bilioni 5. Mshonaji akitajirika mimi napiga makofi. Nauliza tu wanaoshona leo wanapata nini.

Akina mama wetu wanaokwenda Istanbul kununua mzigo wanaijua mitaa ya mji ule kama wanavyoijua njia ya Kamalondo hapa mjini. Basi, katika maduka ya Zara ya mji huohuo, Novemba 2017, wateja walikuta vikaratasi ndani ya nguo. Viliandikwa: "Mimi ndiye niliyeshona nguo hii unayotaka kununua, lakini sikulipwa." Walioviweka walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kilichoitwa Bravo, kilichoshonea Zara, Next na Mango. Julai ya mwaka 2016 mwenye kiwanda alikuwa ametoweka, kiwanda kimefungwa, mishahara yao haijalipwa. Inditex ilijibu kwamba yenyewe ilikwisha kumlipa mwenye kiwanda kila ilichodaiwa. Nakubali, huenda ni hivyo. Lakini nguo ziliondoka pale, zikafika dukani, zikapigwa bei, na kila mkono zilimopita ulipata chake isipokuwa ule ulioshika sindano. Kabla ya hapo, mwaka 2011, wakaguzi wa kazi wa Brazili waliingia karakana moja ya São Paulo wakawakuta wahamiaji, wengi wao kutoka Bolivia, wakishona nguo za Zara katika hali ambayo sheria ya nchi ile inaihesabu sawa na utumwa. Jibu lilikuwa la namna ileile: aliyepewa kazi aliigawa kwa wengine bila ruhusa.

Na kuna Bangladesh. Hapa naomba msinikate maneno, Bwana Mhariri, hata kama nafasi ni ndogo.

Huko Savar, karibu na Dhaka, kulikuwa na jengo la ghorofa nane likiitwa Rana Plaza. Chini kulikuwa na benki na maduka, juu viwanda vitano vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki ikawaambia watu wake wasije kesho yake. Maduka yakafungwa. Washonaji wakaambiwa waje, na wengine wakatishwa kwamba asiyeingia atakosa mshahara wa mwezi. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ulikatika, jenereta zilizokuwa ghorofa za juu zikawashwa, na jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134. Zaidi ya elfu mbili waliumia, kuna waliokatwa mguu au mkono wakiwa bado chini ya zege ili waweze kutolewa. Katika kifusi na katika karatasi za viwanda vile yalipatikana majina ya Primark, Benetton, Mango na mengine. Mimi huwa nafikiri juu ya ile benki. Ukuta ulikuwa mmoja, ufa mmoja, na karani wa benki alibaki nyumbani.

Mtu wa Katanga, nchi yetu hii ya migodi, hahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa sita mwaka 2019 wachimbaji wa mkono, makumi yao, walifukiwa na udongo karibu na Kolwezi, na sote tuliwalilia. Tunakasirika, na ni haki yetu, tunaposikia mtu wa mbali anasifu simu au gari la umeme kana kwamba kobalti, madini ya betri zake, ilijichimba yenyewe ikapanda lori hadi Durban. Sasa gazeti la Lubumbashi linaandika kwamba blauzi imeshonwa na mashine! Tofauti ni nini?

Nirudi kwenye bei, maana ndiyo iliyoniletea hasara. Baada ya Rana Plaza, serikali ya Bangladesh ilipandisha mshahara wa chini wa washonaji kutoka taka 3,000 (taka ni fedha ya huko) kwa mwezi hadi 5,300. Desemba 2023 ulifikishwa taka 12,500, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 113. Wafanyakazi walikuwa wameomba 23,000. Waliingia barabarani, na baadhi yao waliuawa katika maandamano yale. Dola 113 kwa mwezi mzima wa kuketi, unashona mifuko tu, au kola tu, kwa sababu katika kiwanda hakuna anayeshona shati zima: kila mmoja ana kipande chake, na msimamizi anahesabu vipande kwa saa. Mteja anaponiambia Mama, punguza, hata Zara iko chini ya hapo, mwanamke yule wa Dhaka ndiye anayetumiwa kunipiga bei, na ujira wangu nao utatumiwa kumpiga mwingine. Sina ugomvi naye hata kidogo. Laiti ningeweza kumwonyesha namna ya kuketi ili mgongo usimwue.

Kuna watakaosema basi tuache kununua nguo hizo. Sisemi hivyo. Kwanza nani atanisikiliza, nusu ya mji imevaa mitumba na mimi mwenyewe nimevaa. Pili, wale wa Istanbul waliweka vikaratasi kwa kuwa walitaka malipo yao, na wa Dhaka waliandamana kwa sababu ya mshahara. Kazi zao wanazitaka. Kilichosaidia kidogo ni karatasi yenye sahihi. Mei 2013, majuma machache baada ya jengo kuanguka, kampuni za nguo, Inditex na H&M na Primark zikiwemo, zilianza kutia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi juu ya usalama wa viwanda vya Bangladesh. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa: milango iliyokuwa ikifungwa kwa kufuli wakati wa kazi, nguzo, nyaya za umeme. Na mapatano yale yalikuwa na meno, maana mwaka 2016 vyama vilipeleka kampuni mbili mbele ya waamuzi huko The Hague, Uholanzi, na zote mbili zikakubali kupatana, moja yao kwa kulipa. Kuhusu mishahara ya Bangladesh sijasikia karatasi ya namna hiyo. Ndiyo maana nguo ni rahisi, kijana wangu. Usiisingizie mashine.

Jambo hili kwetu lina mizizi ya zamani. Nyanya yangu, upande wa Kongolo, alilimishwa pamba wakati wa Wabeleji. Kulima pamba kulikuwa amri tangu 1917, na bei alipanga mnunuzi. Baadaye tulikuwa na viwanda vyetu vya vitambaa, Filtisaf kule Kalemie, Sotexki kule Kisangani. Wapi sasa? Vikwembe ninavyoshona leo, hata vile vyenye picha za viongozi wetu, vingi vimesafiri baharini.

Ombi langu ni dogo. Mrudisheni mwandishi katika duka lile, safari hii ageuze nguo ndani nje na kusoma lebo ya ubavuni, ile nyeupe yenye maandishi ya lugha nyingi. Aandike nchi moja moja. Amwulize mwenye duka mzigo umenunuliwa wapi na kwa nani. Akitoka hapo aje Kenya, Katuba na Ruashi, aulize pia wasichana wanaojifunza ushonaji wanapewa nini, kwa sababu zimo karakana za hapahapa ambamo mwanafunzi anafunga vifungo miaka miwili bila hata nauli, na mwenye karakana anaita hayo mafundisho. Hilo nalo liandikwe, wenzangu wakasirike wakitaka.

Ila afanye haraka. Shule zinafungua mwezi wa tisa, na kamati za wazazi zimeanza kuzungumzia inifomu. Mwaka uliopita shule moja ya upande wetu iliagiza mashati meupe kutoka nje kwa sababu yalikuwa rahisi, na washonaji wa mtaa wakabaki na vitambaa vya buluu na vyeupe walivyochukua kwa mkopo. Naomba makala hiyo itoke kabla kamati hazijakata shauri. Mwandishi atanikuta siku yoyote isipokuwa Jumamosi. Siku hiyo watu wanachukua nguo za harusi na hakuna nafasi hata ya kiti.

Mama mshonaji, komini ya Kenya, Lubumbashi
(Jina linajulikana na gazeti)