Chuma cha Bibi na Vitumbua vya Bangkok

Hamburg, 14 Septemba 2025

Dada Somoe,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Baba Nasra hajambo, watoto wamesharudi shule. Mwambie mama zile soksi za kubana miguu nimezipata, nitampa kijana wa Mama Zuhura anayekuja mwezi wa kumi. Kazi ipo. Zamu za usiku nimezizoea.

Barua hii nimekaa nayo wiki mbili. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua, ukipokea wewe spika inawashwa, na Kaka Saidi yuko pale mlangoni anachangia. Haya nataka uyasome peke yako kwanza, halafu mwenyewe uchague ya kumsomea mama.

Maneno ya Kaka Saidi kwenye grupu, chini ya ile picha ya kamba niliyoituma tukiwa safarini Bangkok, nimeyaona. "Wenzetu wanatafuna kamba Bangkok, sisi tunasubiri mvua na paa la matundu." Chini yake vidole gumba saba. Nimevihesabu, dada, na kimoja ni chako.

Sasa nikwambie habari ya wale kamba. Hawakuwa wetu. Walikuwa wa meza ya jirani, pale Yaowarat, mtaa wa Wachina, usiku, meza zimepangwa mpaka barabarani na tuktuk, bajaji zao, zinapita zinakugusa kiwiko. Kamba wa mtoni, kila mmoja kama kiganja cha Baba Nasra, wamepasuliwa katikati na kuchomwa kwenye mkaa, mafuta ya kichwa yanachuruzika. Niliuliza bei, nikatabasamu, nikarudi kwenye kiti changu. Yule jirani ndiye aliyeniruhusu nipige picha. Ningejua itanizalia haya ningepiga picha ya kuku.

Na safari yenyewe tumeidunduliza miaka mitatu. Kibubu kiko juu ya kabati, watoto wenyewe walikuwa wanatia humo hela zao za sikukuu. Hakuna senti ya paa iliyokwenda Bangkok. Basi, hilo nimelimaliza.

Ila usidhani tulikufa njaa! Wallahi nimekula vitu ambavyo sijui nianzie wapi. Kuna supu yao ya kamba, tom yum, hiyo tuliinunua kwa hela zetu, kamba wadogo. Nyepesi, kali, ina ndimu inayokukunja uso. Ndani yake, sikia, mchaichai! Mchaichai ule ule wa nyuma ya jiko letu, ambao mama anaukata mtu akishikwa na mafua na kuutia kwenye chai, basi. Kule wanaugonga shina, wanautupia kwenye supu pamoja na mzizi unaofanana na tangawizi ila si tangawizi, na majani ya ndimu moja hivi yenye makunyanzi. Iddi wangu akautafuna akidhani mboga. Akatafuna, akatafuna, macho yamemtoka, mpaka mwenye genge akaja kumwonyesha kwa kidole kwamba huo unawekwa pembeni ya sahani. Supu hiyo mwaka jana UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, wameiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nikajiuliza pweza wetu wa nazi nani atakwenda kumwandikisha. Kaka Saidi labda, maana ana muda.

Halafu papai bichi. Mama papai bichi anapakia nyama ilainike, sivyo? Wale wanalikatakata nyuzinyuzi, wanalitia kwenye kinu cha udongo chenye mchi wa mti, na pilipili, kitunguu saumu, kunde mbichi za maganda marefu, karanga, dagaa-kamba wakavu, sukari ya mnazi au ya mtende wao, ndimu. Wanatwanga kidogo kidogo huku wanageuza kwa kijiko, pok, pok, pok. Mimi nimesimama naangalia, mkono unaniwasha. Yule mama akaniona. Akanipa mchi! Nikatwanga, dada, mbele ya watu, na hakuna kilichoruka nje ya kinu. Akaita mwenzake aje aone. Baba Nasra amerekodi, ila hiyo sikuituma kwenye grupu, na sasa ndiyo siitumi kabisa.

Saladi hiyo inaliwa na wali wao wa kunata, unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi, na wanaula kwa mkono. Hapo ndipo nilipojidai. Wanangu hawa waliozaliwa na uma mdomoni, nikawaambia leo mtamjua bibi yenu. Nasra alipiga tonge safi, likabana, akachovya, hata tone halikudondoka. Iddi alichafuka mpaka nyusi. Mwambie mama tonge la Nasra ni lake kabisa, lile la kubana kwa kidole gumba.

Habari ya halali usiogope. Ijumaa tuliswali Msikiti wa Haroon, umejificha kwenye kichochoro nyuma ya jengo la zamani la forodha, karibu na mto Chao Phraya. Nje baada ya swala vyakula vimepangwa kama Idi. Kuna wali wa manjano, kuku amefunikwa chini yake, wanauita khao mok. Waite wanavyotaka, lile ni biriani. Na mchuzi wa massaman una mdalasini, iliki, karafuu, viazi, karanga na tui zito. Wanasema hata hilo jina ni neno la kale la Mwislamu. Nilipoonja nikanyamaza. Ni mchuzi wa harusi ya kwetu, ila mtu kausahau nje ukalala na karanga.

Siku ile ile tukapita duka la vitu vya kale. Nimeona mbuzi, dada. Mbuzi ya nazi, kiti na ulimi wa chuma, lakini wamekichonga kina masikio. Nikauliza hiki nini, yule binti akaandika kwenye simu ikatafsiri: sungura. Wao wanakunia nazi kwenye sungura! Nilicheka peke yangu dukani kama mwehu. Watoto hawakuelewa, maana mbuzi ya nazi hawajaiona. Nazi yao inatoka kwenye kopo. Hapo kicheko kikakatika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi ya siku ya nne nimetoka peke yangu kutafuta maji ya kunywa. Saa kumi na mbili na nusu, watawa wanapita na mabakuli yao, ardhi imelowa mvua. Pembeni ya barabara ameketi bibi mmoja na jiko la mkaa, juu yake chuma cha duara chenye mashimo. Nikasimama. Anamimina uji wa mchele na tui kutoka kwenye birika, shimo baada ya shimo, unalia chiii. Anasubiri kidogo, anamimina tena tui zito juu, anatupia majani ya kitunguu, anafunika. Halafu anachokoa ukingoni na kijiko chembamba, anazungusha, kinatoka, chini kimekauka kahawia, juu kinatetemeka. Viwili viwili anavifunika uso kwa uso.

Vitumbua. Hamna hamira wala iliki, na hawavigeuzi, lakini ni vitumbua, dada. Ile harufu ya tui linaloungua ukingoni. Nilinunua boksi, nikakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikala vyote, nikaunguza ulimi. Nilituona mimi na wewe saa kumi alfajiri, wewe umebeba beseni, mimi nimebeba chenji kwenye kitambaa, tunashuka kuelekea ufukweni kwa wavuvi, na bibi yetu nyuma anatukumbusha tusimkopeshe Mzee Likotwe. Baba Nasra aliponikuta aliona machozi akasema, "Nilikwambia pilipili zao si za kuchezea." Nikasema ndiyo, pilipili.

Ndiyo maana nasema, na hili mama usimsomee: chuma cha vitumbua cha bibi kilikuwa haki ya mama. Shangazi alikichukua siku ya arobaini mchana kweupe, akakitia kwenye kanga, na sote tuliona. Mama akasema acheni, ni dada wa marehemu baba yenu mdogo, msilete maneno. Miaka kumi na moja tumeacha. Na shangazi hata vitumbua hapiki! Anauza vocha. Mimi sisemi tugombane. Ninasema tu sijasahau, na nilikuwa nadhani nimesahau.

Basi nikaingia wazimu wa kutafuta chuma. Nikakipata sokoni, cha chuma cha kusubu, kizito, mashimo 28. Kimetembea nasi mpaka Vietnam na kurudi. Kila uwanja wa ndege begi linafunguliwa, askari wanakishika, wanakigeuza, wanatazamana, halafu mmoja mtu mzima anacheka na kufanya kwa mkono ishara ya kumimina.

Vietnam sitaeleza sana, karatasi inaisha. Tulikaa Saigon, ambao sasa ni mji wa Ho Chi Minh, ila wenyewe bado wanasema Saigon. Kaka Saidi angehamia. Watu wanaamka na supu! Pho, supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha na mdalasini na kitunguu cha kuchoma, ndani tambi za mchele, pembeni sahani ya majani mabichi, ndimu na pilipili ujikamulie mwenyewe. Tuliipata ya halali karibu na msikiti wa mtaa wa Dong Du, ule waliojenga Wahindi mwaka 1935. Vibao vya plastiki vifupi, watu wameinama, hakuna anayeongea. Kama pale stendi asubuhi, imekosekana chapati tu na mtu wa kulalamikia timu yake.

Na wana maji ya dagaa. Dagaa wanatiwa chumvi kwenye mapipa makubwa ya mbao, wanaachwa karibu mwaka mzima, kinachodondoka chini ndiyo chumvi yao ya kila kitu. Ukikinusa ni ng'onda mtupu. Nasra alifunga pua. Mimi nilichovya mara ya pili.

Tena huko nako vitumbua! Vidogo, vya manjano, kila kimoja kamba juu yake, unakifunga kwenye jani la saladi, unachovya kwenye hayo maji ya dagaa yaliyotiwa sukari na ndimu. Bánh khọt. Nikaanza kuona kama bibi ananifuata.

Hili la mwisho ni la baba. Soko la Ben Thanh, korosho zimepangwa kama matofali. Zimekaangwa na chumvi, ngozi yake nyembamba bado iko, pakiti zinang'aa. Muuzaji ananisifia, "Vietnam, number one." Nusu kilo, dong zao laki mbili, kama shilingi elfu ishirini yetu. Wao wanalima, ni kweli, lakini viwanda vyao vinashiba korosho ghafi za kwetu Afrika, na za Mtwara zimo. Najua hesabu, baba asinikatize: ukibangua, kilo ya ghafi inabaki robo au pungufu, na kubangua ni kazi. Najua. Lakini mwaka ule wa 2018 bei ya korosho ghafi ilipotangazwa shilingi 3,300 kwa kilo tulishangilia kama tumeshinda vita, na mimi nimesimama pale na pakiti mkononi, nafikiria vidole vya mama vilivyobabuka kwa yale mafuta ya ganda. Nilinunua moja. Sikuifungua mpaka leo. Nitampa kijana wa Mama Zuhura amletee baba, aionje, aseme kama ni ya kwetu. Baba atajua.

Chuma nilikijaribu hapa, Jumapili ya kwanza tuliporudi. Niliroweka mchele usiku, nikasaga, nikatia iliki na hamira. Vimetoka kama vifungo vya koti. Iddi alikula ishirini na sita. Havikuwa vibaya, havikuwa vitumbua. Tui la kopo, nikageuza kopo nisome: limetoka Thailand.

Hela ya bati nimetuma jana, milioni moja na laki mbili, kwenye namba yako wewe. Si ya Kaka Saidi. Saruji ya kaburi la bibi ilivyogeuka tairi la bodaboda sitaki kuikumbusha, lakini nimeikumbuka. Bati la geji 28, usikubali la 32, ni jembamba, hata ukiambiwa nini. Fundi mlipe nusu, nusu akimaliza. Zikipungua za kuokotesha korosho niambie mapema, kabla mnada haujaanza, usisubiri baba aende kukopa kwa yule mtu.

Na nakuomba kitu kimoja. Nimeongea na fundi chuma hapa, Mturuki, anasema anaweza kunitengenezea nikimpa vipimo. Nenda kwa shangazi, mwambie unamsalimia. Chuma kiko uvunguni, nadhani. Chukua njiti ya kiberiti, pima upana wa tundu na kina chake, vunja njiti hapo hapo, mbili, moja ya upana, moja ya kina, uzifunge kwenye karatasi umpe kijana wa Mama Zuhura. Usimwambie shangazi ni za nani. Na kama siku hiyo Mungu amemwamsha amepika, kula kimoja kwa ajili yangu. Picha usinitumie.

Mdogo wako,
Tatu