Mhariri, watuambie ni mti gani uko kwenye chupa

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, mie nina miaka 61 naandika kutoka Mikindani hapa Mtwara na mjukuu wangu ndo ananisaidia kutuma.

Nina jambo na hawa jamaa wanaopita na gari lina spika juu wanauza dawa ya kurudisha ujana. Leo wako stendi, kesho wako mnadani, maneno yaleyale yamerekodiwa yanajirudia mpaka watoto wa chekechea wanayaimba, inaondoa makunyanzi, inafuta madoa ya uzee, inarudisha macho, inalainisha magoti na mambo ya ndani ya nyumba humohumo, chupa moja 10,000 mbili 15,000. Na lazima waseme "hii ni siri ya bibi zetu". Hapo ndo wananiudhi, maana bibi yangu mimi hakuwa na siri.

Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala akaolewa huku pwani. Usoni alikuwa na nembo, zile chale za zamani, na uzee ulivomwingia nembo na makunyanzi vikachanganyika hujui upi mstari umechanjwa na upi umekuja wenyewe, na wala hakuna aliyewahi kumwambia akazifute. Jioni anakaa mkekani na jiwe lake, anasugua kipande cha mti wa liwa na maji kidogo kidogo mpaka kinatoka kama uji mzito unanukia, anajipaka usoni anakaa nao huku anachambua mchicha. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, wanawake wa Kimakua, wana uji wao wa mti wanauita musiro, ule mweupe kabisa. Akishaoga anapaka mafuta ya ufuta, yakiisha mafuta ya nazi. Sasa ukimuuliza bibi hiki nini anakutajia mti, ukitaka anakupeleka mpaka shinani ukauone, alafu anakuambia huu usiweke jichoni, huu mjamzito asiuguse. Siri iko wapi hapo?

Sasa shoga yangu, jina sitaji, kanunua chupa mbili. Yeye ni mtu wa mwani, nusu ya maisha yake kainama baharini maji yamemfika magotini, jua linampiga juu na lingine linarudi kutoka kwenye maji, kwahiyo mashavu yana madoa meusi na hayo ndo yalikuwa yanamsumbua. Kapaka usiku. Alfajiri ananigongea mlango kajifunika kanga, kufunua, mashavu yote mawili yamevimba ngozi imebabuka kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Tukakimbilia zahanati.

Nesi anamuuliza, mama umepaka nini? Dawa. Dawa gani? Ya uzee. Ina nini ndani? Shoga kimya. Nesi kageuza chupa huku na huku, karatasi ina picha ya bibi anacheka na maneno "siri ya bibi" basi, hakuna jina la mmea, hakuna tarehe, hakuna wapi imetengenezwa. Kwakweli nilimwonea huruma yule binti, atatibu nini wakati hajui anatibu kitu gani.

Mie nikaomba chupa nikafungua nikanusa. Mhariri nilibangua korosho miaka tisa, ile ya kuchoma kwenye karai la matundu nje ya nyumba, moto unalipuka mnamwagia mchanga, moshi unawasha macho, alafu mnakaa chini mnagonga moja moja na vidole mmevipaka majivu au mafuta ya nyonyo ili yale mafuta ya ganda yasiwaunguze, na bado vinaungua, ngozi ya ncha za vidole inakuwa nyeusi inatoka kama karatasi. Ile harufu siwezi kuisahau hata usingizini. Nikamwambia nesi hii ni mafuta ya ganda la korosho, wamechanganya na mafuta mengine yanukie vizuri. Hapo ndo akajua la kufanya, akamsafisha, akampa dawa ya kupaka na akamkataza jua.

Na mtu mwingine atasema mbona korosho ni yetu, ni ya asili. Ni ya asili ndio! Ila hilo ganda lina asidi inaunguza ngozi, ndomana zamani watu waliitumia kuchomea sugu na vinyama vya ngozi, sehemu ndogo tena kwa ncha ya kijiti. Shavu zima wapi na wapi. Shoga yangu amepona ila pale palipoungua pamebaki peusi zaidi ya yale madoa aliyotaka kuyafuta, maana ngozi zetu hizi nyeusi ukiziunguza zinajibu kwa weusi.

Simaanishi tuache mitishamba, mie mwenyewe naitumia. Ufuta uko tele huku kwetu Lindi na Mtwara, mafuta yake yanazuia ngozi isikauke na mtu mzima ngozi inakauka jamani, ukipaka mwili ungali na unyevu wa kuoga unaona tofauti. Mshubiri nao unapoza ila ule ute mweupe wa katikati tu, yale maji ya njano ya chini ya ganda yanawasha. Ila hakuna hata kimoja kinachofuta kunyanzi lililokwishaingia, kinalainisha tu. Kinachozeesha uso kuliko vyote ni jua, na dawa yake sisi watu wa pwani tunayo kichwani, mtandio na kofia ya ukindu. Limao ndo usipake kabisa alafu utoke nje, limao na jua vikikutana kwenye ngozi vinaunguza vinaacha doa.

Na hili la mvi maana najua mtaniuliza. Hina ya majani ya mhina inatoa wekundu wa kahawia, ukiona inayoitwa hina inatoa weusi tii ndani ya nusu saa ujue ni piko, ile ni kemikali ya rangi ya nywele na kuna watu inawavimbisha kichwa mpaka macho yanaziba.

Kilichonitisha zaidi ni pale spika inaposema wenye mtoto wa jicho wadondoshee matone mawili. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji, hakuna tone la majani linalomtoa, na ukidondoshea vitu vya ajabu unaweza kupata kidonda kwenye kioo cha jicho ukapofuka kabisa wakati ule mtoto wa jicho wa kwanza alikuwa anatibika. Fikiria mtu kadondoshea yale mafuta ya korosho.

Sheria si tunazo? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, ikaweka na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, lile shirika la viwango. Sasa hawa jamaa ni wajanja, akiulizwa na mtu wa dawa anasema hiki kipodozi, akiulizwa na mtu wa vipodozi anasema hii tiba ya asili, huku gari linaondoka. Ombi langu ni dogo na naomba mliandike waone wahusika wa mkoa: kabla gari halijapewa nafasi mnadani au stendi, chupa iwe na jina la mti, hata la Kimakonde tu tutaelewa, na jina la aliyetengeneza na alipo. Wauza samaki tunakaguliwa mizani, yeye anaachiwaje.

Jumamosi nilimfuata yule muuzaji mwenyewe nikamuuliza mbele ya watu, mwanangu huu mti gani? Akasema kwenye spika, mama mzima anataka kuniibia biashara, watu wakacheka nami nikaondoka zangu.

Chupa ya pili ninayo, haijaguswa, nimeifunga mfuko mara mbili nimeiweka juu ya kabati na tayari imeacha doa jeusi kwenye mbao. Kama kuna mtu wa maabara anaitaka aje aichukue kabla wajukuu hawajaifikia.

Bibi wa Mikindani,
Mtwara