Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: hesabu ya karai na daftari

Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,

Salamu kutoka Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Mimi ni mama, nauza chai na chapati karibu na machimbo ya dhahabu. Wateja wangu wa kwanza kila asubuhi ni watoto. Wanakuja na makarai kichwani jua halijachomoza, wananunua chapati moja na kugawana wawili, kisha wanateremka mtoni kuosha mchanga.

Mwanangu wa pili alikuwa mmoja wao. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa darasa la tano. Zilipofunguliwa tena Januari 2022 alikuwa na miaka 13, na alishakuwa fundi wa zebaki, ile sumu ya majimaji inayonasa dhahabu. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta kazini. Alimimina zebaki kwenye karai, akaikoroga kwa vidole mpaka ikashika chembe za dhahabu, akaikamua katika kitambaa. Kidonge kilichobaki alikichoma kwenye kopo juu ya makaa, ameliinamia, uso wote uko kwenye moshi. Nilirudi kibandani kimya. Jana yake alikuwa ameniletea shilingi 5,000, na unga ulikuwa umeisha.

Mheshimiwa, sheria tunazo. Katiba, kifungu cha 34, inamkinga mtoto wa chini ya miaka 16 na kazi za hatari. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 12, na aliye chini ya 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanasema umri wa kuajiriwa uanzie 16. Mzazi akiuliza kuhusu mtoto wa miaka 14, jibu linategemea umefungua sheria ipi. Naomba zilinganishwe. Lakini hata zikilingana kesho, watoto hawatatoka mtoni, kwa sababu zote zinahesabu miaka ya mtoto na hakuna inayouliza mama yake analipwa ngapi.

Kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Leo hazinunui hata nusu kilo ya nyama. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo mwanamume anayepandisha magunia ya mawe kutoka shimoni analipwa anachotaka mwenye shimo. Akilalamika, anaonyeshwa watoto waliopanga foleni, watakaokubali nusu yake. Mtoto anamshushia baba yake bei, na baba akishashushwa bei anamhitaji mtoto zaidi.

Mpwa wangu anayesoma uchumi Makerere aliniambia kwamba wachumi Kaushik Basu na Pham Hoang Van waliliandika hilo mwaka 1998: mzazi hampeleki mtoto kazini kwa kupenda, na ujira wa wakubwa ukitosha, anamtoa mwenyewe. Akaniambia na la India. Baada ya sheria yao ya 1986 kukataza watoto katika baadhi ya kazi, watafiti waligundua kwamba ujira wa watoto ulishuka, na familia maskini zikaongeza watoto kazini ili kufidia. Sikushangaa. Hapa askari wakija kufanya msako, watoto wanakimbilia kwenye mihogo. Jioni wanarudi na kulipwa pungufu, kwa sababu mwenye shimo anasema sasa wanamtia hatarini.

Kuhusu shule: elimu ya msingi ni bure tangu 1997, tunashukuru. Ila sare, pesa ya mitihani na posho, yaani ugali wa mchana, tunalipa wazazi. Mwanangu alirudi darasani 2022. Muhula huohuo walimu walimrudisha nyumbani mara tatu kwa deni la chakula. Mara ya tatu hakufika nyumbani, alipitiliza mtoni. Hajasoma tena.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mpangilio. Kabla ya msako mwingine, chakula cha mchana kiwe juu ya serikali katika shule zote za msingi za eneo la machimbo. Muswada wa kima cha chini urudi Bungeni. Na ofisa wa kazi wa wilaya apewe pikipiki na mafuta, aanze kwa kukagua ujira wa watu wazima pale shimoni, ndipo aulize umri wa mtoto.

Mdogo wake mwanangu, msichana, yuko darasa la nne. Muhula huu anadaiwa shilingi 25,000 za posho, na wiki jana aliniuliza karai la kaka yake liko wapi.

Wako mtiifu,
Mama muuza chai, Busia